Mfupa wa Ishango hauthibitishi namba tasa, wala hisabati haikuanzia Ugiriki

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu niliposoma makala yenu kuhusu chimbuko la hisabati, na likanizidi zaidi baada ya kusoma barua ya msomaji mwenzangu aliyeijibu makala hiyo. Makala ilidai kwamba hisabati ilizaliwa Ugiriki katika karne ya 6 KK, na kwamba yote yaliyotangulia yalikuwa hesabu za dukani zisizostahili jina hilo. Msomaji mwenzangu, kwa ghadhabu ambayo naielewa, alijibu kwamba Waafrika walizijua namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, miaka 20,000 iliyopita, akatoa ushahidi wa mfupa wa Ishango, nanyi mkaichapa picha ya mfupa huo ikiwa imekatwa hata ikaonekana safu moja tu ya alama zake. Nilifundisha hisabati kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na kwa maoni yangu wote wawili, pamoja na kuvutana kwao, wamesimama juu ya kosa moja. Kila mmoja anaitafutia hisabati siku ya kuzaliwa na mzazi wa kujivunia, ilhali ushahidi uliopo unaonyesha kitu kisicho na siku wala mzazi: namba ilijibandua polepole mno kutoka kwenye vitu vilivyokuwa vikihesabiwa, na kujibandua huko kulichukua makumi ya maelfu ya miaka.

Nianze na mfupa wenyewe, kwa kuwa ndio ulioleta ubishi. Uligunduliwa mwaka 1950 na Jean de Heinzelin de Braucourt, mwanajiolojia wa Ubelgiji, mahali paitwapo Ishango, kando ya Ziwa Edward pale Mto Semliki unapoanzia, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hivi sasa umehifadhiwa Brussels, katika Taasisi ya Kifalme ya Sayansi Asilia ya Ubelgiji. Ni kitu kidogo kuliko wengi wanavyodhani: urefu wake ni kama sentimita 10, rangi yake ni kahawia iliyokolea, na katika ncha yake moja kumechomekwa kijipande cha kwatzi, jiwe gumu linaloweza kukwaruza na kuchora. Maana yake ni kwamba mfupa huu ulikuwa mpini wa chombo cha kazi. Juu ya mpini huo mtu fulani alikata chale fupi fupi, akazigawa mafungu mafungu, na mafungu hayo yakapangwa katika safu 3 zinazofuata urefu wa mfupa.

Safu mliyoichapa ina mafungu ya chale 11, 13, 17 na 19. Hizo kweli ndizo namba tasa zote zilizopo kati ya 10 na 20, na sidhani kama kuna mwalimu wa hisabati asiyeshtuka kidogo anapoziona zimejipanga hivyo. Lakini ugeuze mfupa. Safu ya pili ina chale 11, 21, 19 na 9, na kila mwanafunzi anajua kwamba 21 ni 3 mara 7 na 9 ni 3 mara 3. Safu ya tatu ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Ili mkataji wa chale hizi awe amezikusudia namba tasa, ingempasa kwanza awe na wazo la kugawanya, kisha wazo la kugawanya pasipo baki, kisha ajiulize ni namba zipi zinazokataa kugawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Hizo ni ngazi 3 za fikra, na hakuna kitu kingine kilichopatikana kutoka zama hizo kinachoonyesha hata ngazi ya kwanza. Akili ya watu wa Ishango ilikuwa sawa na yetu. Ninachokataa ni kuitundika hoja nzito hivi juu ya mafungu 4 tuliyoyachagua wenyewe kati ya 16.

Mfupa huo una mambo yake ya kweli, nayo yanatosha kabisa. Ile safu ya 11, 21, 19 na 9 inasomeka vizuri ukiichukua kuwa 10 na 1, 20 na 1, 20 kasoro 1, 10 kasoro 1. Katika safu ya tatu, 3 imewekwa karibu na 6, na 4 karibu na 8, kana kwamba mtu alikuwa akirudufu. Kisha 10 inafuatwa na 5, kana kwamba amegeuka na kuanza kugawa nusu. Jumla ya safu mbili za mwanzo ni 60 kila moja, na ya tatu ni 48. Alexander Marshack, mtafiti wa Marekani aliyezichunguza chale hizo kwa hadubini, alipendekeza kwamba ni kumbukumbu ya siku za mwezi mwandamo, maana 60 inakaribia siku za miezi miwili, na 48 mwezi mmoja na nusu na kitu. Claudia Zaslavsky, mwalimu wa hisabati wa Marekani, aliuliza baadaye ni nani mwenye sababu ya kufuatilia mwezi kwa makini hivyo kama si mwanamke anayefuatilia siku zake. Wapo pia waliosema kwamba chale ziliwekwa tu ili mpini usiteleze mkononi, ingawa mimi binafsi sioni kwa nini mtu anayetaka kushika vizuri ahangaike kuzigawa mafungu.

Upo mfupa mwingine wenye umri mkubwa zaidi, ambao haupati sifa kama hizo pengine kwa sababu hauna namba za kuvutia. Ulipatikana katika pango linaloitwa Border Cave, kwenye milima ya Lebombo, mpakani mwa Afrika Kusini na Eswatini. Ni mfupa mwembamba wa mguu wa nyani, una chale 29, na umri wake ni zaidi ya miaka 42,000. Wengi wamerukia hiyo 29 na kusema ni siku za mwezi, wakisahau kwamba mfupa umevunjika upande mmoja na hivyo chale za awali huenda zilizidi hapo. Kwangu mimi, lenye uzito ni jambo jingine: uchunguzi wa hadubini umeonyesha kwamba chale hizo hazikukatwa kwa mkupuo mmoja. Zilikatwa kwa makali tofauti, kwa nyakati tofauti. Anayepamba mfupa kwa kawaida huketi akamaliza kazi yake. Aliyeukata huu alikuwa akiurudia, akiongeza chale kila mara jambo fulani lilipotokea, na hiyo ndiyo tofauti kati ya pambo na daftari.

Sasa nije kwenye kiini cha barua hii. Chale si namba. Mtu anayekata chale moja kwa kila siku inayopita, au kwa kila mnyama anayeingia zizini, hahitaji kujua jumla ni ngapi, wala hahitaji hata kuwa na neno la kuitaja. Anachohitaji ni uaminifu wa kulinganisha: mnyama mmoja, chale moja, mnyama mwingine, chale nyingine. Jioni anapitisha kidole juu ya chale huku wanyama wakipita, na kidole kikifika mwisho kabla ya wanyama kwisha, au wanyama wakiisha kabla ya kidole, anajua kuna jambo. Katika miaka yangu ya kufundisha madarasa ya chini niliiona hali hii kwa macho mara nyingi. Mtoto anawekewa vijiti 7 juu ya dawati, anavigusa kimoja kimoja akitaja moja, mbili, tatu, mpaka saba, bila kukosea. Kisha unamuuliza, haya, vijiti ni vingapi? Naye, badala ya kujibu saba, anaanza upya: moja, mbili, tatu. Kwake maneno hayo bado ni mwendo wa kidole. Hajajua kwamba neno la mwisho limebeba lundo zima. Halafu siku moja, bila wewe kujua umefanya nini tofauti na jana, anajibu saba pasipo kugusa kijiti chochote, na tangu hapo harudi nyuma tena.

Uwezo ulio chini ya hapo, yaani wa kuhisi kwamba hiki ni kingi kuliko kile, tunao pamoja na wanyama. Mwaka 1994 Karen McComb na wenzake walitoa matokeo ya utafiti waliofanya Serengeti, ambako waliwasikilizisha simba majike ngurumo zilizorekodiwa. Majike hao walisita zaidi kuzifuata ngurumo za simba 3 kuliko za simba 1, na walithubutu zaidi pale kundi lao lenyewe lilipokuwa kubwa. Mwaka 1992 Karen Wynn alionyesha kwamba watoto wachanga wa miezi 5 hukodoa macho kwa muda mrefu zaidi pale mwanasesere mmoja anapoongezwa kwa mwingine na pazia likafunuliwa akabaki mmoja. Mwaka 2004 Peter Gordon alieleza kuhusu Wapirahã wa misitu ya Amazon nchini Brazili, ambao lugha yao haina maneno ya namba kamili: waliweza kulinganisha vitu viwili au vitatu barabara, lakini vilipoongezeka majibu yao yakawa ya kukadiria. Hawa ni watu wazima wenye akili timamu, wawindaji na wavuvi hodari, na maisha yao hayajakwama. Kwa hiyo kuhesabu kwa ukamilifu hakutokani na kuwa binadamu peke yake. Ni ufundi, kama ufinyanzi, unaobuniwa pale unapohitajika na kurithishwa.

Alama za ufundi huo zimebaki ndani ya maneno yetu wenyewe, na hapa nitaomba radhi nitoke kidogo kwenye mifupa. Kiswahili cha zamani kilikuwa na tandatu kwa sita, na kenda kwa tisa, kabla ya maneno yenye asili ya Kiarabu kushika nafasi. Tandatu ni tatu na tatu zilizounganishwa, na Wanyarwanda bado wanasema gatandatu. Nane nayo inatokana na nne na nne, jambo ambalo katika Kikuyu linaonekana waziwazi, kwa kuwa nne ni inya na nane ni inyanya. Yaani waliounda maneno haya walifika mahali vidole vya mkono mmoja vilipokwisha, wakaendelea kwa kurudufu. Hao ndio jamaa wa mkataji wa Ishango aliyeweka 3 karibu na 6 na 4 karibu na 8, kama kweli alikuwa akirudufu.

Jambo la pili katika Kiswahili ni la ajabu zaidi, na tumelizoea kiasi kwamba hatulioni. Tunasema watu wawili, vitabu viwili, miti miwili, mayai mawili, nyumba mbili. Namba inavaa nguo ya kitu inachokihesabu, na ukitaka kuisikia ikiwa uchi lazima uhesabu hewani: moja, mbili, tatu. Lakini sita, saba na tisa, zilizotoka Kiarabuni, hazibadiliki hata kidogo, wawe watu, viwe vitabu, iwe miti. Lugha moja, ndani ya hesabu ya vidole vya mikono miwili, ina namba zinazokubali kushikamana na vitu na namba zinazokataa. Nakumbuka nikilieleza hili darasani kama kioja cha sarufi, nisijue kwamba karibu jambo hilohilo liliwahi kuwasumbua makarani wa miaka 5,000 iliyopita.

Makarani hao walikuwa Mesopotamia, Iraki ya leo, na maeneo ya jirani. Kuanzia kama mwaka 8000 KK, wakati watu wa huko walipoanza kulima na kuweka akiba, vidonge vidogo vya udongo wa mfinyanzi vinaanza kuonekana katika machimbo ya wanaakiolojia: vingine vina umbo la pia, yaani koni, vingine tufe, vingine visahani, vingine mcheduara. Kwa muda mrefu wachimbaji waliviorodhesha kama vitu vya kuchezea au hawakuviorodhesha kabisa. Ni mwanaakiolojia Denise Schmandt-Besserat aliyetumia miaka mingi kuvikusanya kutoka makumbusho mbalimbali na kudai kwamba vilikuwa vihesabio, kila umbo likiwakilisha aina yake ya mali: umbo hili kipimo kidogo cha nafaka, lile kipimo kikubwa, jingine mtungi wa mafuta. Ukiwa na mitungi 5 ya mafuta, unaweka vidonge 5 vya mafuta. Hakukuwa na kidonge cha 5. Hiyo tano ilikuwa bado imelala ndani ya mafuta.

Katika milenia ya 4 KK vidonge vilianza kufungiwa ndani ya mipira ya udongo yenye uwazi, ambayo watafiti huiita bahasha, ikapigwa mihuri kwa nje ili asiwepo wa kuifungua na kupunguza. Bahasha ya namna hiyo ina kasoro ambayo karani yeyote ataiona mara moja: ukitaka kukumbuka kilichomo lazima uivunje, na ukishaivunja ushahidi umekwisha. Basi wakaanza kuvigandamiza vidonge kwenye udongo mbichi wa nje kabla ya kuvitia ndani, vikaacha alama. Haikuchukua muda mrefu kwa kipimo cha historia kabla ya mtu kung'amua kwamba alama za nje zinasema yote, na kwamba vidonge vya ndani havina kazi tena. Mpira ukawa bapa, bapa likawa kibao, na kibao ndicho kilichozaa maandishi ya kikabari, yale ya alama zenye umbo la kabari. Wapo wataalamu wasiokubaliana na Schmandt-Besserat kuhusu umri na maana ya kila kidonge, lakini kuhusu bahasha zenye alama za nje hakuna ubishi mkubwa, kwa kuwa zipo na zimefunguliwa. Kwenye mji wa kale wa Nuzi, karibu na Kirkuk, ilipatikana bahasha ya zama za baadaye sana, katikati ya milenia ya 2 KK, ambayo nje yake imeandikwa orodha ya kondoo na mbuzi kwa jinsia na umri, karibu 50 kwa jumla, na ndani yake mlikuwa na vijiwe vya idadi ya kulingana. Karani alijua kuandika, lakini mchungaji pengine hakujua. Vijiwe vilikuwa vyake.

Tazama sasa vibao vya mji wa Uruk, vya kama mwaka 3300 KK hadi 3000 KK, ambavyo ni kati ya maandishi ya zamani kuliko yote duniani. Robert Englund, Peter Damerow na Hans Nissen waliovisoma vibao hivyo walikuta ndani yake mifumo ya namba zaidi ya 10 ikitumika kwa pamoja. Alama moja, kijiduara kilichochomwa kwa ncha ya kijiti cha duara, ilikuwa na thamani ya 10 ikiwa unahesabu kondoo au watu. Ukiwa unapima shayiri, kijiduara hichohicho kilikuwa sawa na vipimo vidogo 6. Ukiwa unapima eneo la shamba, kilikuwa sawa na vipimo vidogo 18. Karani hakuchanganyikiwa, kwa sababu hakuwahi kuiona alama peke yake. Aliiona ikiwa na shayiri, au na kondoo, au na ardhi. Kumuuliza kijiduara ni ngapi kungekuwa sawa na kumuuliza Mswahili kama neno sahihi ni wawili, viwili au miwili. Naye angekujibu kwa swali: wa nini?

Ilichukua zaidi ya miaka 1,000 kutoka hapo hadi makarani wa Mesopotamia wawe na mfumo mmoja wa kukokotolea, ule wa msingi wa 60, ambao unaweza kuuingizia shayiri, fedha, matofali au siku za vibarua, ukakokotoa, kisha ukatoka nao upande wa pili ukiwa umerejea kwenye vipimo vya kawaida. Saa yenye dakika 60 ni mabaki yake. Yapo mambo mengi ya kusema hapa, ila nitataja kibao kimoja tu, kinachohifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale na kujulikana kama YBC 7289. Ni cha kati ya mwaka 1800 na 1600 KK, ni cha mviringo, kinaenea kiganjani, na kwa sura yake kilikuwa cha mwanafunzi. Amechora mraba na ulalo wake, na juu ya ulalo ameandika namba ambayo kwa desimali zetu ni 1.41421296. Thamani sahihi ya ulalo kwa upande wa mraba, yaani kipeuo cha pili cha 2, ni 1.41421356. Huyu hakuwa mgavi wa mafuta. Hakuna shamba wala ukuta unaohitaji usahihi wa kiwango hicho.

Misri inatupa mfano ambao kwangu ndio ulio wazi kupita yote, na kama ningekuwa mwandishi wa makala yenu ningeanza nao. Karani aliyeitwa Ahmes, kama mwaka 1550 KK, alinakili kwenye mafunjo, yaani karatasi ya kale ya matete, mkusanyiko wa maswali ya hesabu, akaeleza mwenyewe kwamba anayatoa katika andiko la zamani zaidi. Mafunjo hayo yalinunuliwa Luxor mwaka 1858 na Alexander Henry Rhind, na sehemu yake kubwa imo katika Makumbusho ya Uingereza. Maswali yake zaidi ya 80, kwa idadi kubwa, ni ya ofisini: namna ya kugawa mikate kwa watu 10, ujazo wa ghala la duara, mteremko wa piramidi. Ukifika swali ambalo leo limepewa namba 79, unakutana na kitu tofauti kabisa. Hakuna maelezo, ni orodha tu: nyumba 7, paka 49, panya 343, masuke ya ngano 2,401, vipimo vya nafaka 16,807. Chini yake kuna jumla: 19,607. Pembeni Ahmes amepata jibu hilohilo kwa njia nyingine, kwa kuchukua 2,801 na kuizidisha kwa 7, na kwa kawaida ya Wamisri hakuzidisha moja kwa moja bali alirudufu: 2,801, kisha 5,602, kisha 11,204, akazijumlisha zote tatu. (Kwenye idadi ya masuke aliandika 2,301 badala ya 2,401, lakini jumla yake ni sahihi; ni kosa la kunakili, na mwalimu yeyote anamtambua hapo mwanafunzi aliyelitoa jibu kwenye daftari la mwenzake.)

Naomba wasomaji waitazame tena jumla hiyo. 19,607 ya nini? Mtunza ghala gani duniani aliwahi kujumlisha nyumba na paka, kisha paka na panya, kisha panya na nafaka? Karani wa Uruk asingeweza hata kuiandika hesabu hiyo, kwa kuwa kila kimoja kati ya vitu hivyo kingedai alama zake. Kwa Kiswahili sanifu tungekwama kwenye upatanisho wa kisarufi kabla ya kukwama kwenye hesabu. Ahmes, au yule aliyemtangulia, hakukwama, kwa sababu kwake nyumba na paka na panya vilikuwa vimebaki kuwa majina ya ngazi tu, saba mara saba mara saba, na kilichomvutia ni namba zenyewe zilivyokuwa zikipanda. Swali hili halina mteja. Hapo, Mhariri, namba imekwisha kubanduka, na hapo hisabati ipo, karibu miaka 1,000 kabla ya Wagiriki ambao makala yenu iliwapa heshima yote.

Simaanishi kwamba Wagiriki hawakuleta kitu. Walileta thibitisho, yaani sharti kwamba haitoshi jibu kuwa sahihi mara 100, lazima ionyeshwe kwa nini haliwezi kuwa vinginevyo, na kazi ya Euclid ya kama mwaka 300 KK ni kipimo cha jambo hilo hadi leo. Lakini wao wenyewe hawakudai uzazi wa hisabati. Herodotus aliandika kwamba jiometria ilianzia Misri, kutokana na haja ya kupima upya mashamba yaliyomegwa na Mto Nile ili kodi ipunguzwe kwa haki. Aristotle naye alisema hisabati ilianzia Misri, ila akatoa sababu nyingine, kwamba makuhani wa huko walikuwa na nafasi ya kupumzika na kufikiri. Mmoja ametaja kodi, mwingine ametaja wasaa, na ndani ya mafunjo ya Ahmes yote mawili yamo: ghala kwanza, kisha paka na panya.

Ombi langu kwenu ni dogo. Naomba mchapishe sahihisho kwa makala ile kuhusu karne ya 6 KK. Na kama mtaitumia tena picha ya mfupa wa Ishango, tafadhali msiikate. Chapeni safu zote 3, pamoja na ile yenye 21 na 9, na kile kijipande cha kwatzi kwenye ncha, ili msomaji auone mpini wa mtu aliyekuwa kazini.

Wako,

Mwalimu mstaafu wa hisabati